Raj hakumtorosha Simran

Mama anamletea binti yake furushi. Ndani yake mna dhahabu zake, zimeviringishwa kwenye kitambaa. Anamkabidhi kijana mkononi na kumsihi: mchukue mwanangu, ondokeni, msingoje, maana baba yake hatakubali kamwe. Kwa filamu za Kihindi tulizokuwa tumezizoea, hapo ndipo mkono unaposhikwa, ngoma zinapanda, wawili wanatokomea, na baba anabaki nyuma akinguruma. Raj anamrudishia mama dhahabu zake. Hamtoroshi mtu. Simran ataondoka naye siku ambayo baba yake atamtoa kwa mkono wake mwenyewe.

Dilwale Dulhania Le Jayenge, filamu yenye tukio hilo, ilitoka tarehe 20 Oktoba 1995, msimu wa Diwali, na katika hii miaka 30 watu wameeleza ushindi wake kwa kila namna: nyimbo, milima ya Uswisi, macho ya Kajol, ambaye ndiye Simran, mikono ya Shah Rukh Khan, ambaye ndiye Raj, iliyotanuliwa katikati ya shamba la maua ya njano. Yote yamo na yote ni kweli. Ila mimi nashikilia kwamba filamu ile ilishinda kwa zile dhahabu zilizorudishwa. Mtunzi wake aliifunga kwa makusudi njia rahisi kuliko zote, ikambidi atafute iliyo ngumu, na mamilioni ya watu wakakaa vitini wakiitafuta pamoja naye.

Kwetu Tanga iliingia kwa kaseti ya kukodi, imeshazungushwa hadi picha ina michirizi. Sebuleni hapakuwa na mtu hata mmoja aliyejua Kihindi. Mama mkubwa ndiye aliyekuwa akituhadithia, kama alivyotuhadithia picha zote; anatazama uso, anasikiliza sauti, anatuambia nani kasema nini. Sisi watoto tulimngoja steringi apigane. Akina mama walikuwa wanangoja kitu kingine, na pale Raj alipolirudisha lile furushi, nakumbuka mama yangu alisema kwa sauti, "Huyo sasa ndiye mkwe." Miaka mingi baadaye nilipoitazama tena na maandishi ya chini, niliona kwamba mama mkubwa alikuwa hajakosea sana popote palipo na jambo zito. Filamu imeigizwa wazi kiasi hicho.

Aliyeitunga alikuwa kijana. Aditya Chopra alikuwa na miaka 23 walipoanza kupiga picha, Septemba 1994, na hajawahi kuongoza filamu yoyote. Lakini hakuwa mgeni wa kazi. Baba yake alikuwa Yash Chopra, mwenye kampuni ya Yash Raj Films, bingwa wa mapenzi ya sari za shifoni na theluji, na Aditya alikuwa amekwisha kumsaidia kwenye seti za Chandni, Lamhe na Darr. Alikuwa pia mtazamaji wa kupindukia, na katika kutazama kwake kulikuwa na jambo linalomkera: zile hadithi ambazo wazazi wa msichana wanakataa, na vijana wanakimbia. Alijiuliza mtu anawezaje kukata uhusiano wote na wazazi waliompenda tangu alipozaliwa, halafu akaishi kwa raha. Filamu nzima imetoka kwenye swali hilo.

Hakutaka kuiongoza yeye. Kwa miaka mitatu hivi aliifanyia kazi hadithi ile, kisha akamwendea baba yake aichukue; Yash hakutaka, akamhimiza aiongoze mwenyewe. Wazo lilikuwa limepita kwenye sura nyingine pia: Aditya aliwahi kufikiria mapenzi kati ya msichana wa Kihindi na kijana wa Kimarekani, na akilini mwake kijana huyo alikuwa Tom Cruise. Baba hakulikubali. Wakabaki na Wahindi wa ng'ambo, waliokulia London.

Nashukuru Yash alikataa, na si kwa sababu ya Tom Cruise. Kijana angekuwa mgeni, sababu ya baba kukataa ingeonekana tangu mlangoni: rangi, dini, lugha. Tungeshajua mabishano yatakavyokwenda. Raj Malhotra ni Mpunjabi kama Simran. Baba yake ana fedha. Anazungumza lugha ileile, anakula chakula kilekile, anaimba nyimbo zilezile. Ukitafuta sababu ya kumnyima, huipati kwa macho. Inabaki mbili tu: ahadi ambayo Baldev Singh, baba yake Simran, alimpa rafiki yake wa Punjab watoto walipokuwa wadogo, na hofu yake kwamba London itamla binti. Ugomvi unahama kutoka kwenye kabila la kijana na kuingia moyoni mwa mzee. Na moyo wa mzee ni kitu kinachoweza kubadilika mbele ya kamera.

Ndiyo maana nasema Amrish Puri, aliyeigiza Baldev, ndiye aliyeibeba nusu ya filamu ile. Watazamaji walikuwa wamemjua kwa miaka kama adui, jitu la macho makubwa na sauti inayotoka kisimani. Mwaka 1987 alikuwa Mogambo katika Mr. India, na watoto wa India nzima walikuwa wakimwigiza barabarani. Aditya akamchukua mtu huyo, akamvika koti na skafu, akamsimamisha Trafalgar Square asubuhi ya baridi awatupie njiwa mahindi. Filamu inaanzia hapo. Hajaonekana Raj wala Simran. Anaonekana mzee peke yake mjini kwa watu, akiwaza kwamba hata baada ya miaka yote ile mji haujui jina lake, na kwamba njiwa wale ni kama yeye, wanaruka walipo na chakula. Kisha picha inakata, tunaona mashamba ya haradali ya Punjab na wanawake wa rangi zote wakiimba wimbo wa kumwita msafiri arudi nyumbani. Mmoja wa waimbaji wa wimbo huo ni Pamela Chopra, mama mzazi wa Aditya. Mtoto anatengeneza filamu yake ya kwanza, na sauti ya kuita nyumbani anamwachia mama yake.

Baada ya mwanzo ule huwezi tena kumchukia Baldev moja kwa moja. Unajua anachokiogopa. Kuna tukio dogo la mapema ambalo naliweka juu ya nyimbo zote. Barua imefika kutoka Punjab, kwa rafiki yake Ajit. Baldev amefurahi mno, anampa Simran aisome kwa sauti, familia nzima inasikiliza. Simran anasoma, anafika mahali panapotajwa harusi yake na Kuljeet, mtoto wa Ajit, mtu ambaye hajawahi kumwona. Sauti inakatika. Anaondoka mbio kwenda chumbani. Baldev anacheka kwa raha, anamwambia mkewe: unaona, ameona haya, huo ndio utamaduni wetu, nimeuhifadhi hapahapa katikati ya London. Kamera haimkemei. Inamwacha na furaha yake. Mkewe, Lajjo, anatazama mlango aliopitia binti, na uso wa Farida Jalal pale unasema kila kitu ambacho mumewe hakisikii.

Mtu yeyote aliyelea watoto ugenini anaujua ule mlango. Nina ndugu Leicester na wengine Muscat, na sijaona filamu nyingine ya mapenzi ambayo wanaume wa umri wangu wanaikatiza kati ili kubishana kuhusu baba wa bibi harusi. Na kuna uzi wa kweli unaotufunga na mitaa ile. Wahindi wengi waliojenga maisha Uingereza katika miaka ya 1960 na 1970 waliondokea kwetu: kutoka Nairobi, na kutoka Kampala na Jinja baada ya Idi Amin kuwafukuza mwaka 1972. Baldev wa filamu ametoka Punjab moja kwa moja. Lakini duka lake dogo, rafu za bidhaa na kengele ya mlango, ni duka ambalo mtu wa pwani yetu angeingia na kujua mahali pa kila kitu.

Shah Rukh Khan hakuitaka kazi ile mwanzoni. Leo ni vigumu kuamini, kwa kuwa mapenzi na jina lake vimeshikana, lakini mwaka 1994 alikuwa amepata umaarufu kwa kuua na kutisha: Baazigar, Darr, Anjaam. Hakujiona kama mtu wa kuimba chini ya mti. Aditya alimfuata mara kadhaa, na wakati fulani Saif Ali Khan alifikiriwa kwa nafasi ile. Kilichomgeuza Shah Rukh, kwa maelezo yanayojulikana, ni Aditya kumwambia kwamba hatakuwa nyota mkubwa mpaka awe mwanamume anayeotwa na kila mwanamke na mtoto anayeotwa na kila mama. Angalia sehemu ya pili ya sentensi hiyo. Hakumwambia awe mpenzi tu. Alimwambia awe mtoto wa watu.

Na ile hatari aliyokuja nayo kutoka kwenye filamu za nyuma haikupotea. Imo ndani ya Raj wa mwanzo. Raj huyu amefeli mitihani na baba yake, Anupam Kher, anamshangilia. Anaingia dukani kwa Baldev muda wa kufunga ukishapita, anadanganya kwamba anatafuta dawa ya kichwa, anabeba bia na kuacha hela. Ndani ya garimoshi la Ulaya anamsumbua Simran kupita kiasi. Asubuhi moja hotelini, baada ya Simran kulewa, anamfanya aamini kwamba usiku ule limetokea jambo baina yao, mpaka msichana analia. Ndipo anapobadilika uso na kumwambia kwamba yeye ni Mhindi, anajua heshima ya msichana wa Kihindi ni nini. Watu wengi wanalipenda tukio hilo kwa maneno yale ya mwisho. Mimi silipendi na sijawahi kulipenda. Kumwogofya mtu kwa jambo kama hilo ili baadaye uonekane mwema si wema, na filamu ingeweza kutuonyesha uaminifu wake bila kumliza mtoto wa watu.

Kajol naye hakumwelewa Simran upesi; alimwona amepooza, maana yeye mwenyewe ni mtu wa kelele na kicheko. Nadhani hapo ndipo bahati ya filamu ilipo. Simran wake amebanwa, lakini ndani yake kuna mtu anayegonga ukuta. Alikuwa na miaka 20 tu walipoanza kupiga picha. Yeye na Shah Rukh walikuwa wameshazoeana kwenye Baazigar na Karan Arjun, na kuzoeana huko hakuigizwi. Mwishoni mwa ule wimbo wa piano mjini, Ruk Ja O Dil Deewane, Raj amembeba Simran na ghafla anamwachia adondoke. Kajol hakuwa ameambiwa. Mshtuko unaouona usoni mwake ni wake mwenyewe.

Jina la filamu lilitoka kwa mwigizaji Kirron Kher, mke wa Anupam, aliyelitoa kwenye wimbo wa filamu ya mwaka 1974, na ameshukuriwa kwa jina kwenye maandishi ya mwanzo. Jina la Raj na kile kinanda chake cha nyuzi, mandolini, ni salamu kwa Raj Kapoor, nyota wa zamani wa filamu za Kihindi, ambaye wazee wetu wa Unguja na Mombasa hawahitaji kuelezwa ni nani.

Muziki ni wa ndugu wawili, Jatin na Lalit, na mashairi ni ya Anand Bakshi, mtu aliyekuwa ameandika nyimbo tangu kabla Aditya hajazaliwa. Kijana huyu alimrudishia mzee yule rasimu baada ya rasimu za wimbo wa kwanza wa Simran, Mere Khwabon Mein, mpaka akapata alichokitaka. Sauti ya Simran kwenye wimbo huo ni ya Lata Mangeshkar, aliyetimiza miaka 66 wiki chache kabla ya filamu kutoka. Kwenye karatasi haiwezekani: bibi wa miaka sitini na ushei aimbe kwa kinywa cha msichana anayecheza mvuani na taulo. Sikiliza, halafu uniambie kama uliwahi kulifikiria hilo. Mehndi Laga Ke Rakhna, wimbo wa usiku wa hina, ulimpa mwimbaji Udit Narayan tuzo ya Filmfare, tuzo kubwa ya filamu za Kihindi, na umekwenda mbali kuliko filamu yenyewe. Nimeusikia kwenye harusi za Waswahili ambako hapana Mhindi hata mmoja mwaalikwa, bibi harusi mikono imechorwa mpaka viwikoni, na wanawake wote wanaujua unapopanda na unaposhuka.

Kazi ilimalizika Agosti 1995, miezi miwili tu kabla ya kutoka. London walipiga Trafalgar Square na kituo cha King's Cross. Uswisi walikwenda Saanen, Gstaad na vijiji vya jirani. Lile shamba la haradali ambamo Simran anamkimbilia Raj, picha iliyobandikwa kwenye maduka ya video nusu ya dunia, ni Gurgaon, nje ya Delhi, na siku hizi Gurgaon ni mji wa vioo na maghorofa ya kampuni. Kituo cha mwisho cha garimoshi ni Apta, kituo kidogo karibu na Panvel katika jimbo la Maharashtra. Karan Johar, ambaye baadaye angekuwa mwongozaji mkubwa, alikuwa msaidizi na anaonekana kama rafiki mnene wa Raj.

Narudi Punjab, maana huko ndiko filamu inapokuwa kubwa. Raj amefika nyumbani kwa maadui zake kama rafiki. Anamfanya Kuljeet ampende, anawachekesha shangazi, anakaa na bibi mzaa baba, anamsogelea Baldev asubuhi na mapema. Kwa saa nzima filamu ya mapenzi inageuka kuwa filamu ya mtu anayeomba posa bila kufungua mdomo. Nawajua vijana waliofanya hivyo kwetu, wakabeba viti kwenye misiba ya ukoo wa msichana miaka miwili kabla ya kutuma mshenga. Hilo hatukufundishwa na Bombay, mji wa filamu za Kihindi. Lakini kuliona kwenye sinema, likifanywa na mtu mzuri kuliko wote na lisionekane la kinyonge, kulikuwa na uzito wake.

Usiku wa Karva Chauth wanawake wanafunga kwa ajili ya waume zao, na Simran anatakiwa afungulie kinywa kwa mkono wa Kuljeet. Mwezi umetoka juu ya dari, kila mtu anatazama. Simran anajiangusha kama aliyezimia, na katika vurugu ile anayefika kwanza na maji ni Raj. Amefungua kwa mkono wa amtakaye na hakuna aliyeona. Baadaye wawili hao wakikutana peke yao, tunajua kwamba Raj naye hakula siku nzima. Naipenda hila hii kwa sababu ni ya Simran. Ni yeye aliyeibuni, mbele ya ukoo wote, ndani ya ibada iliyokusudiwa kumfunga.

Kabla ya hapo mama yake alikuwa amemwambia maneno ambayo yanafanya filamu isiwe tamu tupu. Lajjo anamweleza Simran kwamba alipokuwa mdogo baba yake alimfundisha kuwa mtoto wa kike na wa kiume ni sawa. Alipokua, masomo yake yakakatishwa ili kaka zake wasome. Kila alipogeuka alitoa sadaka kitu chake, kama binti, kama dada, kama mke. Simran alipozaliwa aliapa kwamba mtoto huyu hatapita njia hiyo. Na sasa amekuja kumwomba mtoto huyohuyo auachie moyo wake, kwa sababu amegundua kwamba mwanamke hana hata haki ya kula kiapo kama hicho. Farida Jalal anayasema bila kupandisha sauti. Alipata Filmfare kwa nafasi ile, na kama ingekuwa juu yangu, zingetolewa mbili.

Baada ya maneno hayo, zile dhahabu zina maana nyingine. Lajjo anapowaambia watoroke, hatendi kwa woga. Anajaribu kutimiza kiapo chake. Na Raj anapokataa, anamwambia jambo zito mwanamke aliyeteseka: kwamba wataingoja radhi ya yuleyule mwanamume aliyekuwa hamsikilizi. Kuna wanaoikosoa filamu hapo, wanasema imemrudishia baba funguo zote na Simran hajaulizwa. Ninaielewa hoja hiyo na sina jibu linaloimaliza. Raj anaamua, Baldev anaamua, Simran anangoja. Yeye mwenyewe alikuwa tayari kuondoka. Filamu ingekuwa kubwa zaidi kama sauti yake ingesikika kwenye uamuzi ule, na haikusikika. Na Preeti, dada yake Kuljeet, ambaye Raj anamwacha aamini kwamba huenda ataolewa naye, hakuna anayekumbuka kumwomba radhi.

Hata hivyo nasimama na Raj, kwa sababu ya kile ambacho kungoja kunamfanya Baldev. Ukitoroka, baba anabaki alivyo maisha yake yote: ana haki na hasira yake. Ukibaki mbele ya macho yake, ukimsalimia kila asubuhi, unamnyang'anya adui aliyemwazia. Siku anapoiona picha ya Raj na Simran Ulaya, Baldev anampiga kijana makofi mbele ya watu wote, na Raj hainui mkono. Anakubali mashtaka, anamrudisha Simran kwa baba yake kwa mikono yake mwenyewe, na anaondoka.

Kisha kituo. Kuljeet na wenzake wanamfuata, panapigwana, na mtoto niliyekuwa mimi hatimaye alipata alichokingoja. Garimoshi linaanza kusogea, Raj yumo mlangoni akivuja damu, Simran anataka kumkimbilia, na baba yake amemshika kifundo cha mkono. Anamsihi amwachie. Amrish Puri hasemi neno. Kamera inakwenda kwenye vidole, inarudi kwenye uso, inakwenda kwa Raj anayezidi kuwa mbali, na wewe uliyetazama mara ngapi unajikuta unamwambia mzee fungua, fungua. Anafungua. Anamwambia nenda Simran, nenda ukaishi maisha yako, kwa kuwa hakuna atakayekupenda kuliko kijana huyu. Ile sauti ya Mogambo. Ndiyo maana ilibidi awe yeye. Kama baba angekuwa mwigizaji mpole, tungejua tangu mwanzo kwamba atalegea.

Filamu iligharimu takriban rupia milioni 40 na ikaingiza zaidi ya rupia bilioni moja duniani. Ilichukua tuzo 10 za Filmfare, rekodi kwa wakati ule, na tuzo ya taifa ya filamu pendwa yenye burudani safi. Wakati wake nao ulisaidia. Video na televisheni za kebo zilikuwa zimewatoa watu wa familia kwenye majumba ya sinema. Mwaka 1994 Hum Aapke Hain Koun iliwarudisha, na mwaka mmoja baadaye wakakuta filamu nyingine wanayoweza kuitazama na babu pembeni. India ilikuwa imefungua uchumi wake mwaka 1991, na Mhindi wa ng'ambo, aliyekuwa akichorwa kama aliyepotoka, akaonekana kwa mara ya kwanza akiwa steringi mwenye maadili kuliko wa nyumbani. Wahindi wa London, Toronto na New Jersey walilipia tiketi kwa pauni na dola, na watayarishaji wa Bombay wakaelewa haraka. Miaka kumi iliyofuata ilijaa harusi, matajiri na theluji. Wengi waliiga theluji.

Kuhusu Maratha Mandir ya Mumbai, jina la sasa la Bombay, mengi yameandikwa, ila sipiti bila kulitaja. Ni jumba la sinema la mwaka 1958, linatazamana na kituo cha garimoshi cha Mumbai Central, na limeionyesha filamu hii tangu ilipotoka. Mwaka 2001 ilipita rekodi ya filamu ya Sholay, iliyokaa miaka mitano kwenye jumba moja. Desemba 2014 ilitimiza wiki 1,000. Februari 2015 ilitangazwa kwamba sasa basi, watu wakalalamika, ikarudishwa. Korona iliisimamisha, ikarudi tena. Tiketi ni rahisi, onyesho ni la kabla ya mchana, na wanaoingia wengi ni wasafiri wenye mabegi wanaongoja garimoshi, madereva teksi, wapenzi wasio na pa kukaa, na watu waliozaliwa baada ya 1995. Wanasema maneno pamoja na waigizaji. Januari mwaka huo huo wa 2015 Barack Obama, akihutubia Delhi, alianza kuisema ile kauli ya Raj, kwamba katika nchi kubwakubwa mambo madogomadogo hutokea, na ukumbi ukashangilia.

Aditya Chopra ameongoza filamu nyingine tatu tu tangu hapo, na haonekani sana hadharani. Kati ya hizo, Mohabbatein ya mwaka 2000 ilitokana na andiko alilokuwa nalo kabla ya Dilwale. Alidhani hiyo ndiyo ingekuwa ya kwanza. Ndani yake yumo baba mwingine mkali, Amitabh Bachchan, na kijana mwingine anayeitwa Raj, Shah Rukh yuleyule. Baba huyo alikataa, hakufungua mkono, na binti yake akajiua. Hadithi inaanza wakati msichana ameshakufa, na kijana anamrudia mzee miaka baadaye kumwonyesha alichokipoteza. Nikizitazama hizi mbili kwa mfululizo, naona kwamba Aditya alijua tangu mwanzo mambo yangeweza kwenda kule pia, na kwamba Baldev alikuwa hatua moja tu kutoka huko. Nikimwonyesha mtu ambaye hajaona hata moja, namwanzishia ile ya 2000, ndipo nimpeleke Trafalgar Square akamtazame mzee wa njiwa.